KUAGANA NA KAZI YA KILA SIKU: Namna Bwana Alivyokaa na Usharika Wetu kwa Miaka Mia Moja

Utangulizi

Sura zilizotangulia za kitabu hiki zimeeleza kwa utaratibu mwanzo wa usharika wetu, wachungaji na wainjilisti waliotuhudumia, majengo yaliyojengwa na mitaa iliyozaliwa. Kamati ya Jubilei iliponiomba niandike sura hii, ilinipa kazi ya namna nyingine, yaani nieleze ni wapi wazee wetu walitambua kwamba Mungu yu pamoja nao. Nilipokumbuka masimulizi niliyoyasikia tangu utoto wangu, niliona jambo ambalo sikulitazamia. Wazee wetu waliposhuhudia kuwapo kwa Bwana, mara chache walizitaja siku za sherehe. Mara nyingi zaidi walitaja siku waliyoagana na mtu waliyemtegemea, na asubuhi iliyofuata walipolazimika kushika kazi wenyewe.

Lugha yetu ya Kiswahili inatusaidia kulielewa jambo hili. Watu wanaotengana huagana, na watu wanaopatana jambo nao huagana. Kutokana na neno hilohilo tumepata neno agano, tunalolitumia tunapotaja Agano la Kale na Agano Jipya. Kwa hiyo aliyeagana vizuri na wenzake hakuondoka tu, bali ameacha ahadi kati yake na wao.

Mtume Paulo alifanya hivyo pale Mileto, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 20. Aliwaita wazee wa kanisa la Efeso, akawaambia kwamba hawatamwona uso tena. Katika hotuba hiyo ya kuaga aliwakumbusha kwamba alijipatia riziki kwa kazi ya mikono yake mwenyewe, kisha akawaweka katika ulinzi wa Mungu. Wakapiga magoti, wakalia, wakamsindikiza mpaka merikebuni. Luka hakueleza namna wazee wale walivyorudi kwao. Lakini tunajua walirudi, na kwamba kulikuwa na wagonjwa wa kutazamwa, wajane wa kulishwa na watoto wa kufundishwa. Historia ya usharika wetu inaanzia mahali ambapo Luka ameacha kusimulia, yaani katika safari ile ya kurudi nyumbani.

Waliotangulia kuondoka

Injili katika mlima huu wa Kilimanjaro imeambatana na kuagana tangu mwanzo. Wamisionari wa kwanza walioanza kazi Moshi mwaka 1885 walikuwa Waanglikana wa shirika la CMS kutoka Uingereza. Baada ya nchi kuwekwa chini ya utawala wa Wajerumani, walilazimika kufunga kituo chao na kuondoka mwaka 1892. Mwaka uliofuata, 1893, wakaja Walutheri wa Misioni ya Leipzig, wakaanza Machame, wakaendelea Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1896, wamisionari wawili vijana, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walikwenda Meru kuanzisha kituo. Waliuawa usiku huko Akeri pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Hao hawakupata hata nafasi ya kuagana na mtu. Yatupasa tukumbuke pia kwamba mauaji yale yalifuatwa na adhabu kali ya jeshi la kikoloni juu ya wananchi wa Meru na Arusha, na kwamba damu nyingi ilimwagika. Hata hivyo, mwaka 1902 kazi ilianzishwa Nkoaranga, katika Meru ileile. Watoto na wajukuu wa watu walioteswa waliipokea Injili, wakawa kanisa. Mimi siwezi kulieleza jambo hilo kwa akili ya kibinadamu.

Mwaka 1920: mlima bila mchungaji

Jeshi la Waingereza liliingia Moshi mwezi wa Machi mwaka 1916. Kwa muda wamisionari wengi wa Leipzig waliachwa waendelee na kazi, lakini mwaka 1920 Wajerumani waliamriwa kuondoka nchini. Mmoja wao alikuwa Bruno Gutmann, aliyefika nchini mwaka 1902 na kuwa mchungaji wa watu wa Moshi.

Tuseme ukweli bila kumlaumu aliyelala. Ilikuwa imepita miaka 27 tangu Walutheri wafike Machame, wala hapakuwa na mwenyeji hata mmoja wa mlima huu aliyebarikiwa kuwa mchungaji. Kulikuwa na walimu, baadhi yao wakiwa wamesoma katika chuo cha ualimu kilichoanzishwa Marangu mwaka 1912. Walijua kusoma na kuandika, walijua Katekisimo Ndogo ya Luther kwa moyo, nao walijua nyumba za watu wao. Lakini hawakupewa mamlaka ya kuhudumia meza ya Bwana. Walioondoka waliwaachia kazi kubwa kuliko cheo walichowapa.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa msichana mdogo wakati huo. Alinisimulia kwamba wanawake walisimama kando ya njia wakati wamisionari wakishuka kwenda stesheni ya Moshi, na kwamba wengine walilia kama waliavyo msibani. Wazee walirudi nyumbani kimya. Usiku ule, alisema, watu waliulizana kama Ruwa, ndivyo tumwitavyo Mungu kwa lugha yetu, naye amepanda gari la moshi pamoja na wageni wale. Swali hilo lilikuwa zito. Kama Mungu aliletwa na wageni, basi wageni wangeweza kuondoka naye.

Asubuhi, kabla jua halijatoka, mwalimu wa kijiji alikwenda kwenye mti wa shule, akakigonga kile kipande cha reli kilichotumika kama kengele. Alikigonga kama alivyokigonga jana yake. Watoto wakaja. Akawafundisha kusoma, akaomba pamoja nao, kisha akaenda shambani kwake kukata majani ya ng'ombe, kwa maana hapakuwa na wa kumlipa mshahara. Bibi alisema kwamba aliposikia mlio ule ndipo alipojua kwamba Mungu hakusafiri.

Nimesoma vitabu vingi vya theolojia pale Makumira, lakini sijapata maelezo yaliyo wazi kuliko hayo juu ya kuwapo kwa Mungu. Mwalimu yule hakutoa hotuba. Hakujua kama atakuja mwingine, au lini. Alifanya kazi ya siku ile.

Baadaye msaada ulifika. Walutheri wa Sinodi ya Augustana kutoka Marekani walikuja katika miaka ya mwanzo ya 1920, wakatembelea sharika na kuzihudumia. Tangu mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi, na Wamarekani wale nao wakaaga, wakaenda kuanza kazi Iramba. Hivyo hata kuagana kwao kulizaa kanisa mahali pengine. Katika miaka ya 1930 wenyeji wa kwanza wa mlima huu wakabarikiwa kuwa wachungaji. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 na Wajerumani wakakamatwa tena, tofauti ilionekana. Watu walihuzunika, na shida zilikuwa nyingi, lakini safari hii palikuwa na wachungaji wazalendo, wazee wa kanisa na walimu waliokwisha kujifunza kwamba kengele inaweza kupigwa na mkono wao.

Kutoka katika shule hiyo ngumu alitoka Stefano Reuben Moshi, aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mchungaji. Alibarikiwa kuwa askofu mwaka 1960. Tarehe 19 Juni 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wake wa kwanza.

Mfongo, kihamba na kahawa

Ndugu msomaji asidhani kwamba walioshika kanisa baada ya mwaka 1920 walikuwa walimu peke yao. Kanisa lilisimama juu ya kazi za mikono ya watu wengi ambao majina yao hayamo katika kitabu chochote.

Wageni wetu wa dayosisi wanaotoka mbali watapenda kujua kwamba maji ya vihamba vyetu yaliletwa na wazee kwa mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa kwa mkono kutoka katika mito inayoshuka mlimani. Mfongo hauna huruma kwa mvivu. Majani yakiziba mahali pamoja, walio chini hukosa maji. Kwa hiyo kila mfongo ulikuwa na wazee wake, zamu zake za maji, na siku zake za msaragambo ambapo kila nyumba ilitoa mtu wa kuzibua. Gutmann, aliyeandika kitabu kikubwa juu ya sheria za Wachagga kilichotoka mwaka 1926, alisisitiza kwamba usharika haupaswi kuvunja vifungo vya ukoo, ujirani na rika, bali uvitakase na kuvitumia. Wako waliompinga, wakisema kwamba alipenda mno mambo ya kale, na hoja yao ina uzito, kwa kuwa si kila kifungo cha kale kilimwacha mwanamke au maskini huru. Lakini jambo moja aliliona sawasawa. Mtu anayemwachia jirani yake wa chini maji yapite, amekwisha kuanza kuielewa amri ya upendo.

Ndipo ikaja kahawa. Mibuni ilianza kupandwa mlimani katika misioni ya Kikatoliki ya Kilema kabla ya mwaka 1900, na katika miaka ya 1920 wakulima wengi wa Kichagga walikuwa nayo katika vihamba vyao, chini ya kivuli cha migomba. Walowezi hawakupenda wenyeji walime zao hilo. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, na rais wake wa kwanza akawa Joseph Merinyo, Mkristo wa Moshi ya zamani aliyelelewa katika misioni. Baada ya chama hicho kukaja KNCU, ulioanza kazi mwaka 1933.

Watu waliozaliwa mjini hawajui kazi iliyomo katika gunia moja la kahawa. Mbuni hupogolewa na kupaliliwa. Matunda huchumwa mekundu tu, moja moja, mara nyingi na akina mama na watoto. Hukobolewa kwa mashine ya mkono, hulowekwa, huoshwa, kisha huanikwa juu ya vichanja na kugeuzwa kila mara, na wingu likitanda mtu hukimbia kuifunika. Kutokana na kazi hiyo zilitoka karo za shule, mabati ya kanisa hili na sadaka za mavuno. Bati lililo juu ya vichwa vyetu leo ni asubuhi za mama zetu.

Martin Luther alilifundisha jambo hili waziwazi. Katika maandiko yake ya mwaka 1520 alisema kwamba kazi ya mkulima shambani na ya mama nyumbani haipungukiwi chochote mbele za Mungu kuliko kazi za watawa na makasisi, maana mbele zake vyote hupimwa kwa imani. Katika kitabu chake juu ya maisha ya ndoa cha mwaka 1522 alimtaja hata baba anayefua nepi za mtoto wake. Watu humcheka, lakini Mungu na malaika wanafurahi, kwa kuwa anaifanya kazi hiyo kwa imani. Wazee wetu wengi hawakuvisoma vitabu hivyo. Lakini waliomba kabla ya kushika jembe, na waliposhusha mzigo walisema asante kwa Mungu. Hilo ndilo fundisho la wito katika maisha ya Mkristo.

Kuagana kwa mwezi wa Januari

Katika miaka mia yetu hii, kuna kuagana kwingine kulikokuja polepole. Mwaka 1989 mapatano ya kimataifa yaliyokuwa yakishikilia bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Vihamba vilikuwa vimekwisha kuwa vidogo kwa kugawanywa kati ya wana. Vijana wakashuka Moshi mjini, Arusha, Dar es Salaam, na baadhi yao wakavuka bahari. Baadhi ya watu waling'oa mibuni wakapanda mahindi na mboga.

Kila mwaka mwezi wa Desemba watoto wetu hurudi. Magari hujaa njiani, ibada ya Krismasi hufanyika watu wakiwa wamesimama nje, na sadaka huwa kubwa. Kisha Januari huingia. Kila penye njia panda huonekana mama mzee amesimama na kanga mabegani, akipunga mkono mpaka gari lipotee kwenye kona. Jumapili inayofuata, mabenchi ya nyuma huwa matupu.

Nimewasikia wazee wakiuliza swali lilelile la mwaka 1920 kwa maneno mengine. Je, Mungu naye amepanda basi? Je, usharika huu utakuwa mahali pa kuzikia tu, ambapo watoto wetu huletwa kulala kihambani wakiwa wamemaliza maisha yao kwingine?

Sitaki kujibu swali hilo kwa haraka, kwa maana lina machozi ya watu ndani yake. Ila nimejifunza kutazama linalotendeka Jumatatu ya Januari. Mama yule hurudi kutoka njia panda, akavua kanga ya sherehe, akaingia zizini. Ng'ombe lazima apate majani. Mjukuu aliyeachwa lazima avae sare aende shule. Jumatano atakwenda kumtazama jirani mgonjwa pamoja na wenzake wa Umoja wa Wanawake. Anafanya kile alichofanya mwalimu wa mwaka 1920, ingawa hakuna atakayeandika jina lake.

Kosa langu mwenyewe

Nisingekuwa mkweli kama ningeandika juu ya kuagana bila kueleza mahali nilipokosa. Miaka mingi iliyopita nilihamishwa kutoka katika usharika mmoja. Ibada ya kuniaga ilikuwa kubwa. Kwaya ziliimba, nikapewa mbuzi, shuka na maneno mengi mazuri. Mzee mpiga kengele wa usharika ule hakuwapo. Usiku mvua ilikuwa imebomoa ukingo wa mfongo, naye alikwenda kuuziba ili maji yasiharibu shamba la mjane aliyekaa chini yake. Alimtuma mjukuu wake aniletee mkungu wa ndizi. Nyumbani kwake palikuwa mwendo wa dakika ishirini. Gari lilikuwa linangoja, nami nikajisemea kwamba nitamwandikia barua.

Sikumwandikia. Baada ya mwaka mmoja na nusu nilipata habari ya kifo chake. Nilikwenda mazikoni, nikamfuata mama mjane nikiwa na jani la isale mkononi, kama mila yetu inavyomtaka mtu anayeomba radhi. Akalipokea, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Baba Mchungaji, mzee hakukukasirikia. Alikungoja siku ile mpaka jioni, halafu akasema, yeye ana kazi yake na mimi nina yangu. Jumapili akaenda kupiga kengele."

Nilisamehewa, lakini sikusahau. Nilikuwa nimehubiri mara nyingi juu ya thamani ya kazi ndogo, na siku ilipofika nilikubali kuagwa na wenye nguo nzuri, nikampita aliyekuwa matopeni akimtumikia mjane. Kama Bwana alikuwa na mahali maalumu siku ile, nadhani alikuwa kwenye ukingo wa mfongo. Wakati kengele ya mazishi ilipopigwa, aliyeishika kamba alikuwa yule mjukuu aliyeniletea ndizi.

Hitimisho

Katika miaka mia moja, usharika wetu umeagana na wamisionari, na walimu, na shule zetu zilipokabidhiwa serikalini kufuatana na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, na bei nzuri ya kahawa, na watoto wetu, na wazee wetu waliolala. Kila mara tulidhani kwamba aliyeondoka ameondoka na kanisa. Kila mara tulikosea. Aliyesema yu pamoja nasi sikuzote hakufungwa katika mzigo wa msafiri yeyote.

Lakini neema hii isitufanye wavivu. Wamisionari wa mwaka 1920 waliondoka kabla ya kuwakabidhi walimu wetu kazi yote, na watu waliteseka kwa ajili hiyo. Sisi nasi tunaweza kutenda kosa lilelile. Tujiulize ni nani tuliyemfundisha kupiga kengele, kutunza vitabu vya usharika, kufundisha kipaimara, kumwombea mgonjwa. Na watoto wetu wanaporudi Desemba, tusiwaombe mchango wa fedha tu. Tuwape kazi ya kufanya pamoja nasi, kila mmoja kwa kipawa chake, ili Januari tunapoagana pale njia panda kuwe na agano kati yetu na wao. Nao wenye nafasi wasipite bila kuingia kwa mzee aliyeshindwa kuja kanisani.

Mimi nami muda wangu wa kustaafu umekaribia. Sijui watakaoadhimisha miaka mia mbili watakuta nini katika mlima huu, kama kutakuwa na mibuni, au mifongo itakuwa na maji. Najua kwamba siku moja wataagana na mtu wanayempenda, na kwamba asubuhi itakayofuata kutakuwa na kazi. Bwana atakuwa amewatangulia pale.

Atukuzwe Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.